MPIGA SOLO ALIYETUPIGISHA MSULI WA KIFARANSA (JINA NALIFICHA)

Watu wangu, klipu mmeiona. Staa wetu mmoja, sitamtaja na ninyi msimtaje, kasimamishwa na mtangazaji kule Paris, kaulizwa swali refu la Kifaransa, naye katabasamu na kujibu "oui, oui, merci". Swali lenyewe lilikuwa umekuja na nani safari hii. Oui, oui! Kitaa kimecheka siku tatu.

Mimi nilicheka kidogo tu. Ukweli ni kwamba wengi waliokuwa wanacheka nao wangejibu oui oui. Nikaandika kwenye stori yangu kuwa mwenzenu Kifaransa nilikifanyia mtihani wa fomu foo, basi inbox ikajaa. Wengi utani, wengine wananiomba nitongoze kwa Kifaransa kwa niaba yao. Ila mdada mmoja kaniandikia hivi: "Kaka, mimi nipo kidato cha nne, Kifaransa nimeshaandikishwa, mwalimu hatuna tangu mwezi wa tatu. Nifanyeje?" Nikaanza kumjibu mistari miwili, ikawa ishirini, nikafuta. Nimeona bora niandike hapa, kwa sababu hiyo hali naijua kwa harufu yake.

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha nne, shule moja ya kutwa hapa Dar. Kidato cha kwanza Kifaransa kilianza kwa mbwembwe: madam kijana, mpole, ana redio ndogo ya kaseti, sisi arobaini na ushee tunaimba bonjour madame hadi darasa la jirani wanalalamika. Kidato cha tatu madam akahamishwa. Hakuja mwingine. Kipindi cha Kifaransa kikawa kipindi cha kusuka nywele na kuchora vikatuni. Wakati wa kujiandikisha mtihani wa taifa tulikuwa tumebaki tisa, na mwalimu wa taaluma akatuita ofisini. Hakuwa mkali, tena alituita wanangu. Alisema, "Hilo somo lifuteni. Hamna mwalimu, mtapata F, mtashusha wastani wa shule." Wanne wakafuta palepale. Watano tukabaki.

Tusijifanye mashujaa hapa. Kila mtu alikuwa na lake. Mimi ilikuwa hesabu ya kawaida ya mwanafunzi wa Kibongo: dibisheni inatokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, na mimi Basic Mathematics na Fizikia yalikuwa msiba wa kudumu. Nikikitoa Kifaransa, somo la saba nalitoa wapi? Mwingine aliona aibu kwa baba yake. Mwingine alikuwa anampenda mmoja wetu (waliachana kabla ya matokeo, msiniulize). Aliyekuwa na sababu ya maana ni binti tuliyemwita Kitenge.

Mama yake Kitenge alikuwa na fremu ya vitenge Kariakoo. Mnaoijua Kariakoo mnajua: wateja wakubwa wa jumla wanatoka Kongo, Zambia, Malawi. Wale wa Kongo wakija dukani wanaongea na mama Kiswahili vizuri kabisa, halafu wakifika kwenye bei wanageukiana, wanaingia Kifaransa, wanapanga, wanarudi kwenye Kiswahili na msimamo mmoja. Mama anabaki kukunja vitambaa. Kitenge alikuwa anasema, "Mimi nataka siku moja nisikie wanachosema." Hiyo tu. Mtoto wa watu alikuwa anasoma kwa hasira.

Sasa tatizo letu halikuwa mwalimu peke yake. Vitabu vyote vya Kifaransa tulivyokuwa navyo vilikuwa vinaeleza sarufi kwa Kiingereza. Wewe umesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, umeingia sekondari Kiingereza chenyewe bado unakipapasa gizani, halafu unapewa lugha ya tatu kwa kupitia hiyo ya pili. Ni kama kuingia nyumbani kwa kupitia dirisha la jirani. Na hiyo njia ina mitego kweli. Neno "librairie" unaona kabisa ni "library", kumbe ni duka la vitabu. "Lecture" siyo mhadhara wa chuo, ni kusoma. "Attendre" siyo kuhudhuria, ni kusubiri. Mwenzetu mmoja alikutana na sentensi "le soldat est blessé", akaandika kwa furaha kwamba askari amebarikiwa. Askari wa watu alikuwa amejeruhiwa.

Hapo ndipo anaingia Mzee wa Solo.

Jina lake silitaji, na naomba mtu asije kwenye komenti kujifanya anajua. Nitasema tu ni Mkongomani, mpiga gitaa la solo wa bendi moja ya dansi, na kama wazazi wako walikuwa watu wa kutoka Jumamosi basi wameshacheza vidole vyake. Wakongo na dansi la Dar ni habari ya zamani. Orchestra Maquis walitua hapa miaka ya 70, na hilo jina maquis ni neno la Kifaransa, maana yake vichaka, msitu wa kujifichia. Remmy Ongala mwenyewe, ambaye kila mtu anamuimba kama mtoto wa Sinza, alizaliwa Kindu. Kwa hiyo Kifaransa kilikuwa kinaishi nasi mitaani muda wote, sisi tukawa tunakitafuta ofisini kwa mwalimu wa taaluma.

Bendi ilikuwa inafanya mazoezi mchana kwenye baa moja Kinondoni. Mmoja wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Tukaenda, tumevaa nguo za nyumbani, tukamwamkia. Kwenye "shikamoo" alijibu "ndiyo", na alijibu hivyo wiki nzima mpaka tulipomfundisha marahaba. Akauliza, "Batoto, munataka picha?" Tukasema hapana Mzee, tunataka Kifaransa. Akacheka mpaka akaweka gitaa chini. Akatwambia tuje na vitabu Jumanne.

Jumanne akafungua kitabu chetu, akasoma maelezo ya masculine na feminine, akauliza kwa nini haya mambo yameandikwa Kiingereza. Hatukuwa na jibu. Akakifunga. Akauliza, "Kiti kidogo cheupe kimevunjika, iko sawa?" Tukasema sawa. "Na kama mimi nikisema kiti mdogo nyeupe umevunjika?" Tukacheka. Akasema, "Mnacheka nini? Ndivyo Mfaransa anavyowacheka." Akaandika kwenye boksi la bia:

La petite chaise blanche est cassée.

Akapiga mstari chini ya ile e ya petite, ya blanche, ya cassée. Akasema hizo ndizo ki, ki, che, ki zenu. Kiti kinawaburuta wenzake wote. Kisha akabadilisha kiti kuwa benchi: le petit banc blanc est cassé. E zote zikapukutika. Akasema Kifaransa kina ngeli mbili tu, ninyi mmezaliwa na ngeli kibao na hamjawahi kupotea kwenye hata moja, sasa mnaogopa nini?

Aisee. Nimeandika mambo mengi kwenye ukurasa huu, lakini ule mchana sijui niueleze vipi. Miaka mitatu nilikuwa nakariri kwamba meza ni mwanamke na kitabu ni mwanaume, najiuliza meza imekuwaje mwanamke, nani kaikagua. Kumbe hakuna mwanamke wala mwanaume pale, ni ngeli. Kiti kwetu kiko KI-VI na hatuulizi kwa nini. Mdada uliyeniandikia, kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hicho. Kila unapokutana na nomino mpya usiiandike peke yake, iandike na le au la yake mbele, kama ambavyo mtoto wa Kiswahili hajifunzi "tabu", anajifunza "kitabu".

Kwenye wakati uliopita ndipo alipotumaliza kabisa. Mnaokisoma mnajua kero ya passé composé: vitenzi vingi vinakwenda na avoir, halafu kuna kundi lile la wachache linakwenda na être, na usipolijua unachinjwa. Yeye alilifanya maisha ya mwanamuziki. Alizaliwa, alikuja mjini, aliingia bendini, alipanda, alikaa juu kidogo, alishuka, alianguka, alitoka, aliondoka, alikufa. Il est né, il est venu, il est entré, il est monté, il est resté, il est descendu, il est tombé, il est sorti, il est parti, il est mort. Yote être. "Lakini kula, kunywa, kuimba na kukopa," akasema, "hiyo ni avoir." Mpiga drums akadakia kwamba basi maisha yake yeye yote ni avoir. Na kama mwanamuziki ni mwanamke unaongeza e mwishoni: elle est née, elle est venue. Ukisikiliza hiyo e huisikii kabisa, inakaa kwenye karatasi tu. Kiswahili tunaandika tunavyosema, kwa hiyo jambo hili lilitutesa. "Il parle" na "ils parlent" sikioni ni kitu kilekile, karatasini ni mmoja na wengi, na msahihishaji anasoma karatasi.

Sasa msidhani kila kitu kilikuwa asali. Tulikorofishana kwenye namba.

Alitufundisha sabini ni septante na tisini ni nonante. Rahisi, tamu, tukakariri. Kuja kufungua mitihani ya miaka ya nyuma na kitabu cha kiada, tunakuta soixante-dix, sitini na kumi. Tisini ni quatre-vingt-dix, yaani nne mara ishirini jumlisha kumi. Mnaona mambo hayo? Tisini na tisa ni nne ishirini kumi na tisa. Hesabu zimenitesa kwenye somo lake halafu zinanifuata hadi huku. Kitenge, ambaye hajui kumumunya maneno, akamwambia Mzee mbele ya bendi nzima: "Mzee, umetufundisha siyo."

Kimya. Yule mzee aliumia, niliona. Akasema septante ndivyo wanavyohesabu Kongo, walifundishwa na Wabelgiji, na Wabelgiji mpaka leo ndivyo wanavyohesabu. Akasema, "Nchi yangu ina watu wengi kuliko Ufaransa. Nani amesema sisi ndio tunakosea?" Na kwa idadi alikuwa sahihi, Kongo ina watu wengi kuliko Ufaransa. Lakini mtihani unafuata kitabu. Siku hiyo mazoezi yaliisha mapema. Kesho yake tulipokuja tukakuta ameandika kwenye boksi namba zote za Kifaransa cha Paris, moja hadi mia, kwa mwandiko mzuri. Akasema alikuwa anazijua siku zote, mdomo ndio haujazizoea. Juu kabisa ya boksi aliandika: kwa mtihani. Akatuambia siku tukifika Lubumbashi tuseme septante kama watu.

Halafu likaja lile ambalo mlikuwa mnalisubiri. Mtu wa mtaani akapeleka maneno kwa mama yake Kitenge kwamba bintiye anaonekana baa, mchana, na mzee wa Kikongo. Mama akafunga fremu siku ya biashara, akaja na khanga yake kiunoni. Nilidhani leo tunazikana. Mzee alisimama, akamwambia "karibu Mama", akamvutia kiti, akaendelea na kipindi kama kawaida. Siku hiyo ilikuwa somo la sokoni: combien, trop cher, moins cher. Mama alikaa amenuna dakika kama kumi. Kisha akauliza, polepole, bila kumtazama mtu, "Hivi hilo la bei ya mwisho, wao wanasemaje?" Mzee akamwambia, "Wanauliza, c'est votre dernier prix?" Mama akalirudia kinywani mara mbili. "Kumbe ndilo hilo," akasema. Miaka yote alikuwa analisikia dukani. Kuanzia hapo Kitenge alikuja na ruhusa, na Ijumaa mama alikuwa anatuma maandazi.

Mengine nayapitia haraka. Kusikiliza, tulitumia kipindi cha RFI kinachoitwa Journal en français facile, dakika kumi za habari kwa Kifaransa rahisi, tunapakua kwenye simu moja kwa bando la kuchangishana. Kipindi bado kipo, mdada, kitafute. Tulijaribu pia kusomea kwenye nyimbo za Koffi Olomidé, Mzee akatukataza. Alisema hicho ni Kilingala, Kifaransa kimeingia humo kama chumvi, na mtu hashibi chumvi. Barua rasmi tulikariri mwisho wake neno kwa neno: Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes sentiments distingués. Nikamuuliza hivi kuna binadamu anaongea hivi? Akasema hiyo sentensi ni suti, sokoni huendi nayo, ila ofisini wanakutazama ulivyovaa kwanza. Naijua mpaka leo. Nimeitumia mara moja maishani, kuomba akreditesheni ya tamasha moja nchi jirani, na walinijibu siku ileile.

Mtihani wenyewe Novemba ulikuwa mtihani. Ufahamu, sarufi, kuandika. Nilitoka mkono unauma.

Matokeo: Kitenge B. Mimi na mwenzangu mmoja C. Wawili D. F hakuna, na wastani wa shule ulikuwa palepale ulipokuwa. Matokeo yangu ya jumla hayakunifikisha fomu faivu, hiyo mnajua, ndiyo maana mko na mimi hapa. Lakini zile habari za Kinshasa ninazowaletea kabla ya kurasa nyingine, nani kagombana na meneja, nani kavunja mkataba, mnadhani nazitoa wapi? Nasoma mwenyewe kwenye magazeti yao. Kitenge yeye alienda tahasusi ya KLF, na sasa hivi yupo kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Mizigo ya Kongo ni mingi sana bandari ya Dar, na karatasi zake nyingi zimeandikwa Kifaransa. Dukani kwa mama anapita Jumamosi, anakaa kwenye pembe kama mteja, anasikiliza.

Kitu kimoja sijawahi kukiandika popote. Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani tuliamua tufanye mtihani mmoja wa nyuma kwa saa tatu kamili, simu zimezimwa, kama chumba cha mtihani. Tukapanga meza za baa, umbali wa mita moja moja. Mzee ndiye alikuwa awe msimamizi. Tunagawa karatasi, akasema, "Na mimi munipe moja."

Tulidhani anatania. Akavuta kiti, akaazima kalamu. Hapo ndipo akatuambia kwamba kwao ukimaliza sekondari kuna mtihani mkubwa unaitwa Examen d'État, na mwaka aliotakiwa kuufanya bendi ilipata safari. Akaenda na bendi. Alitegemea angeufanya mwaka unaofuata.

Saa tatu nzima hakuinua kichwa. Mpiga besi alikuja kumuita akamfukuza kwa mkono. Alikuwa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, mtu ambaye anaongea Kifaransa kama maji. Tulipomaliza tukasahihishana kwa majibu tuliyoazima kwa wanafunzi wa shule nyingine, na karatasi yake ikamwangukia Kitenge. Binti hakumwonea huruma hata kidogo. E alizosahau, s alizosahau, ents zote zile ambazo hazisikiki, akazichinja kwa wino mwekundu. Akajumlisha mara mbili. 61.

"Ni C," Kitenge akasema. "Mzee, ulibakiza nne uwe na B."

Mzee akaichukua, akaitazama mbele na nyuma. Akaomba apewe alama ya nusu kwenye kuandika. Kitenge akakataa. Akaikunja mara nne, akafungua kasha la gitaa, akaiweka chini ya kile kitambaa chekundu, akatuambia twende nyumbani tukalale mapema.